Tui Lililokatika Lenyewe

Mimi nilikuwa mtu wa nyumbani hata kabla sijawa na nyumba. Nilipopelekwa bwenini kusoma sekondari, nililia kutoka kivukoni Likoni mpaka langoni mwa shule, na wenzangu wakanipa jina ambalo sitaliandika hapa. Nilimaliza masomo kwa sababu kumaliza ndiyo iliyokuwa njia ya pekee ya kurudi kwetu. Baadaye nikapewa nafasi ya kwenda Nairobi kusomea kazi ya maabara, nikaikataa. Nikachukua kazi ya usaidizi katika hospitali ndogo iliyokuwa njiani kuelekea Ramisi, ambayo leo haipo tena. Sababu yangu ilikuwa moja tu: kutoka pale ningeweza kutembea mchana hadi kijijini kwetu Munje, nikala wali wa mama yangu, na kurudi kabla kengele haijalia. Watu wazima wengine walikwenda kusomea tiba ng’ambo. Mimi nilipima umbali wa sahani.

Ilikuwa miaka ya hamsini, wakati wa Mzungu, na maabara yetu ilikuwa chumba kilichokuwa stoo ya magunia. Palikuwa na hadubini iliyowekwa dirishani ili kioo chake kidake jua, friji ya mafuta ya taa, na sanduku la joto la kuoteshea vijidudu. Mkubwa wangu alikuwa mtu wa Vanga, mtu mzima, mpole, kofia yake ya vito, iliyodariziwa kwa mkono, daima imenyooka. Alinifundisha kila ninachokijua, na mengine ambayo sikuyashika.

Vijidudu vya tumboni vinafanana mno. Chini ya hadubini vyote ni vijiti vyekundu, kama njiti za kibiriti zilizomwagika. Ili uvitofautishe, ilikuwa lazima uvilishe sukari za aina mbalimbali ndani ya vichupa, ungoje kesho, ungoje keshokutwa, uone vimekula ipi na kuiacha ipi. Lakini palikuwa na njia ya haraka, na hiyo ndiyo iliyonipa kiburi. Tulikuwa na seramu, maji yaliyotokana na damu ya sungura aliyezoeshwa kijidudu cha homa ya matumbo. Unaweka tone lake juu ya kipande cha kioo. Unachota kidoa cha vijidudu kwa kitanzi cha waya, unakisugua ndani ya tone mpaka linakuwa jeupe, kisha unainamisha kioo huku na huku juu ya karatasi nyeusi. Kikiwa ndicho, basi kabla ya dakika moja kwisha ule weupe unakatika kama tui lililotiwa ndimu, punje huku na maji kule. Kikiwa sicho, unabaki laini.

Dakika moja! Kijana aliyeshindwa kuishi mbali na mama yake aliweza kumjua muuaji kwa dakika moja.

Kando ya tone lile, juu ya kioo kilekile, mkubwa wangu alinifundisha kuweka tone la pili, la maji ya chumvi matupu, na kusugua humo kidoa kilekile. Hilo halitakiwi kukatika. Likikatika nalo, kioo chote ni batili, kwa kuwa viko vijidudu vinavyoshikana vyenyewe tu bila ya kuchokozwa na seramu. Niliweka maji ya chumvi kwa uaminifu miezi mingi. Hayakukatika hata siku moja. Nikaanza kuyaona kama shahidi anayeitwa barazani kila asubuhi kuja kusema hajui kitu. Mwishowe nikaacha kumwita. Sikumwambia mkubwa wangu.

Sasa nimlete Bibi. Alikuwa dada wa nyanya yangu mzaa mama, mjane, na aliuza chai na vitumbua nje ya lango la hospitali, chini ya kibanda cha makuti. Wagonjwa walikula kwake, wauguzi walikula kwake, wakata miwa waliokuja kufungwa vidonda walikula kwake. Kwetu mjukuu na bibi wana utani wao: yeye hukuita mume, nawe humwita mke, na hakuna neno litakalosemwa baina yenu likachukuliwa kuwa tusi. Wakata miwa wa kutoka bara walikuwa na shida na jambo hili. Kwao bibi ni mke, na waliponisikia nikimwita Bibi, naye akiniita mume wangu, walinitazama kwa huruma ya dhati.

Msimu ule homa ya matumbo ilitapakaa kambini kwa wakata miwa. Kijana mmoja aliyekuwa akinywa chai kwa Bibi kila siku alifariki. Daktari wa Kizungu, aliyekuja kwetu mara mbili kwa wiki, akaamuru wauza chakula wote wa karibu wapimwe choo. Wengine aliwachukua mkubwa wangu kuwapima. Bibi akawa wangu.

“Shikamoo, Bibi.”

“Marahaba, mume wangu. Leo vitumbua vitatu au vinne?”

“Leo sikuja kula. Daktari ataka choo.”

“Choo kiko nyuma ya wodi. Miaka yote hii hukijui?”

“Chako, Bibi. Kidogo tu. Ndani ya kikopo hiki.”

Alikitazama kikopo, akanitazama mimi, kisha akawageukia wanawake waliokuwa wakingoja chai. “Jamani nisaidieni. Wenzangu huletewa leso na waume zao. Wangu mimi aniletea kopo!”

Wanawake walicheka mpaka mmoja akamwagikiwa na chai.

“Na hicho ukishakipata utakifanyia nini?” akaniuliza.

“Nitakiotesha.”

“Uoteshe! Na shamba la mama yako limejaa magugu!”

Kesho yake alikileta, kimefungwa kwa jani la mgomba kama halua, akanikabidhi mbele ya foleni nzima kwa mikono miwili. “Mahari yako hiyo,” akasema. Nilicheka kuliko wote.

Siku mbili baadaye mkubwa wangu alipata habari ya msiba wa ndugu yake, akaondoka kwenda Vanga. Aliniachia funguo na maneno machache: nisiharakishe, na panapo shaka ningoje. Asubuhi ile ile nikafungua sanduku la joto. Sahani ya kioo nilimooteshea choo cha Bibi ilikuwa na vidoa vingi vyekundu, vya kawaida, na kati yao vichache vyeupe, vile ambavyo tulifundishwa kuvishuku. Nikaweka tone la seramu. Nikachota, nikasugua, nikainamisha. Kabla sijahesabu hadi ishirini, weupe ukakatika.

Nitasema ukweli, kwa kuwa umri wangu sasa haunidai uongo. Nilifurahi. Kabla sijakumbuka sahani ile ni ya nani, nilifurahi. Katika wasaidizi wote wa pwani ya kusini ni mimi niliyempata, kwa dakika moja, na mkubwa wangu hayupo. Halafu nikakumbuka ni Bibi, na furaha ikapungua, lakini haikuondoka yote.

Ilikuwa siku ya daktari. Nilimpelekea matokeo, akayasoma, akanipa mkono. Hakuniuliza la maji ya chumvi, kwani kwake lilikuwa kama kumuuliza mpishi kama amenawa. Akanieleza kwa Kiingereza kwamba yuko mtu anayechukua kijidudu tumboni mwake, mwenyewe asiumwe, akawaambukiza wengine kwa mikono yake. Akanituma, mimi na bwana afya, tukamweleze yule mama kwa lugha yake na kumfungia kibanda.

Nilikuwa na hatua kama mia mbili za kutafuta maneno. Mtu mwingine angemwita kando. Angekaa chini, angeanza na salamu ya kheri, angesema polepole. Mimi nilikuwa na aibu, na kila nilipokuwa na aibu nilifanya utani. Foleni ya chai ilikuwa ndefu siku hiyo.

“Mke wangu,” nikasema kwa sauti ya kusikika, “majibu yametoka. Umebeba!”

Watu wakaanza kucheka kabla sijamaliza, kwa kuwa kwetu mwanamke aliyebeba amebeba mimba, na Bibi alikuwa hana jino la mbele.

“Na wallahi,” nikaongeza, “si mimi niliyekubebesha!”

Foleni ikapasuka kwa kicheko. Bibi naye alicheka. Mkono wake ulikuwa bado unageuza vitumbua kwa kijiti. Ndipo bwana afya, ambaye hakuwa mtu wa utani, akaingia kibandani akamwaga chai iliyokuwa mekoni.

Kicheko kikakatika. Bibi alinitazama akingoja nimalize mzaha. Nikamweleza basi, nikiwa nimesimama, mbele ya wote. Kwamba ana vijidudu vya homa ya matumbo, kwamba yeye haviwezi kumdhuru lakini vinatoka naye, kwamba haruhusiwi kupika cha kuuza. Nikamweleza na kioo changu, jinsi tone linavyokatika kama tui. Nilidhani akisikia tui atanielewa.

Alinielewa kuliko nilivyotaka. Alifuta mikono yake kwa leso, akafikiri, akaniuliza:

“Na hilo tui lako, mume wangu, ulitazama kama halikukatika lenyewe? Tui la jana hukatika bila ya ndimu.”

Hakujua kusoma. Hadubini hajapata kuiona. Na alikuwa ameweka kidole palepale.

“Bibi,” nikamjibu, “hii ni sayansi, si mchuzi.”

Wawili watatu wakacheka tena. Bwana afya akachukua kile cheti cha kuuza chakula kilichotundikwa kwenye nguzo, na makuti yakafungwa kwa kamba.

Neno langu lilifika Munje kabla yangu. Lilipotoka langoni lilikuwa mzaha, Bibi amebeba. Lilipofika kisimani watu walikuwa wameacha kucheka wakaanza kuuliza amebeba nini. Mtu mzima asiyeumwa, ambaye wanaokula mkononi mwake wanaumwa, na kijana mmoja amekwisha kuzikwa: kwetu mtu wa namna hiyo ana jina lake tangu zamani. Ni mwanga, mchawi. Hakuna aliyelitamka mbele yetu. Walianza tu kumsalimia Bibi kwa adabu iliyozidi, sabalkheri ndefu, na kupita upande wa pili wa njia.

Mchana nilikwenda kula kama kawaida. Mama aliweka sahani, akabaki amesimama.

“Umemfanya nini mamangu?”

“Si mimi, mama. Ni kioo kilichosema.”

“Kioo kina mdomo?”

“Yeye si mgonjwa, mama, amebeba tu.”

“Usilitaje neno hilo ndani ya nyumba yangu,” akasema, akatoka uani. Nilikula peke yangu. Nilimaliza sahani yote, hilo nalo nalikumbuka.

Mkubwa wangu alirudi baada ya siku nne, kofia imenyooka, macho yamechoka kwa matanga. Nilimpokea kwa pole za msiba na kwa habari yangu njema. Alinisikiliza mpaka mwisho.

“Maji ya chumvi yalisemaje?”

Nikashika kitambaa, nikaanza kufuta hadubini.

“Nakuuliza, bwana. Maji ya chumvi yalisemaje?”

“Sikuyaweka.”

Hakunipigia kelele. Afadhali angenipigia. Alitoa sahani ya Bibi kwenye friji, akachota kidoa, akaweka matone mawili. La seramu likakatika. Akageuza kioo kidogo ili nione vizuri lile la pili, la maji ya chumvi matupu, nalo likakatika vilevile, punje kwa punje. Alikiweka kioo juu ya meza baina yetu.

“Vilishikana vyenyewe,” akasema. “Ulikiuliza kidoa swali, hukukipa nafasi ya kukataa.”

Kioo kile hakikuthibitisha kwamba Bibi ana homa, wala kwamba hana. Ilibidi sampuli ipelekwe maabara kubwa ya Mombasa, ikalishwe sukari zake moja moja kwa njia ile ndefu niliyoidharau. Tukangoja siku kumi. Na hapa ndipo penye uchungu wangu wa kweli, uliobaki baada ya mengine kupoa: siku kumi zile nilimwombea Bibi yangu awe na homa ya matumbo. Nilisimama msikitini Ijumaa, mabega yangu yamegusana na mabega ya majirani, nikamwomba Mungu yule mama mzee awe na sumu tumboni, ili mimi nisiwe nimekosea.

Sikujibiwa. Karatasi ya Mombasa ilisema ni kijidudu cha kawaida cha tumbo, kisichomdhuru mtu. Sampuli nyingine mbili zilizochukuliwa hazikuwa na kitu. Mkubwa wangu alimwandikia daktari kwamba kosa ni la maabara. Alitia sahihi yake yeye. Jina langu hakuliandika, na mpaka leo sijui kama ilikuwa huruma au alinihukumu kwamba sistahili hata kutajwa. Daktari akasema ni vyema kwamba hakuna aliyeumia. Bwana afya akakirudisha cheti kwenye nguzo yake.

Nilitaka kulisafisha neno palepale nilipolichafua. Nikasimama mbele ya foleni ya wagonjwa, karatasi mkononi.

“Jamani, Bibi hana kitu. Kosa lilikuwa langu. Hana homa, hakubeba chochote.”

Mwanaume mmoja wa Kinondo, mguu wake umefungwa bendeji, akanikonyeza. “Imetoka?”

“Nini?”

“Mimba.”

Foleni ikacheka. Mkata miwa mmoja akamwambia mwenzake kwa Kiswahili cha bara, “Ni bibi yake, lazima amtetee.” Nilipandisha sauti, nikaapa, nikawasomea karatasi ya Kiingereza na kuitafsiri. Nilivyozidi kuwa mkavu wa uso ndivyo walivyozidi kufurahi. Kwa miaka mingi nilikuwa sijawahi kusema nao neno la kweli mahali pale, na hawakuona sababu ya mimi kuanza siku hiyo. Mzaha wangu waliuamini bila ya karatasi. Ukweli niliwaletea na karatasi, wakauona ni utani mzuri kuliko wote.

Asubuhi iliyofuata Bibi alifungua kibanda. Alikuwa amefagia, ametandika majani mapya ya mgomba, na harufu ya hiliki ilifika mpaka dirisha la maabara. Watu walipita. Sabalkheri, Bibi. Sabalkheri, wanangu. Hakuna aliyesimama. Hata wauguzi, walioiona karatasi kwa macho yao, walisema wameshiba.

Nikaenda mimi. Nikanunua vitumbua vinane, nikavila nimesimama katikati ya njia ili kila mtu anione, nikatafuna kwa kelele, nikalamba vidole.

“Mume mwema huyo!” mtu akapaza sauti. Wengine wakapiga makofi.

Siku ya pili nikala kumi. Mkubwa wangu alikuja naye, akaketi kwenye benchi, akaomba chai na vitumbua viwili, akala kwa utulivu kama anavyokula mtu mwenye njaa. Watu walimheshimu mno kumcheka. Walisema tu kwamba watu wa Vanga wana kinga zao.

Siku ya tatu sikuweza kuvimaliza. Nilikuwa nimekaa mbele ya mke wangu wa utani, kitumbua cha saba kimenikwama kooni, mafuta yamenijaa kidevuni. Bibi alikuwa akinitazama muda mrefu. Hakuwa na hasira usoni.

“Acha,” akasema.

“Vitamu, mke wangu.”

“Mimi ni bibi yako. Dada wa nyanya yako.” Alilisema kwa upole, kama mtu anayeelekeza njia. “Wewe huli kwa njaa, unakula kwa aibu. Mimi najua kumpikia mwenye njaa. Chakula cha mtu mwenye aibu sijui kukipika.”

“Watazoea, Bibi. Tuwape wiki mbili, mwezi. Nitakuja kila siku.”

“Na ukiugua tumbo kwa kushindilia vitumbua, watasema ni nani?”

Nilifuta kidevu kwa kiganja.

Alivuta kuni zikatoka mekoni moja moja, akazizima mchangani. Alifunga kikaango kwa leso, akakiweka kichwani, akakataa mkono wangu. Unga ulioumuka ulikuwa umebaki nusu sufuria, wa mchele mweupe, umejaa mapovu, nadhani alikuwa ameutwanga tangu alasiri ya jana. Akaiinamisha sufuria nyuma ya kibanda, unga ukamwagika wote kwenye mchanga.

Kuku wa hospitali wakaja mbio kutoka kila upande. Foleni nzima ya wagonjwa iligeuka kuwatazama wakila, ikingoja mmoja aanguke.